Waliolala, wanaoishi, na wenye kijiji

Anwani ya kijiji nchini Iran ina ngazi tano, na mtu aliyekulia Tanzania Bara haimsumbui hata kidogo. Juu kabisa kuna ostan, yaani mkoa. Chini yake shahrestan, wilaya. Kisha bakhsh, tarafa. Kisha dehestan, inayobeba vijiji kadhaa kama kata zetu. Na mwisho kijiji chenyewe. Katika majedwali ya sensa yao kila kijiji hupewa mstari mmoja tu: dehestan fulani, kaya kadhaa, watu kadhaa, wanaume na wanawake. Mistari hiyo ni maelfu kwa maelfu na majina yanajirudia mpaka yanachosha. Aliabad, Hoseynabad, Hasanabad, Mohammadabad. Ukimwambia Mwajemi kwamba unakwenda Hoseynabad atakuuliza ya wapi, na kama huna zile ngazi nyingine nne, hujamwambia kitu.

Kijiji ninachotaka kukieleza sitakitaja. Watu wake ni wachache kiasi kwamba kukitaja ni kuwataja wao. Hata Kituo cha Takwimu cha Iran kina adabu hiyo: kijiji kikibaki na kaya chache mno, idadi ya watu haichapishwi, inawekwa alama tu, maana namba ndogo namna ile haiwi tena takwimu, inakuwa habari za nyumbani kwa mtu. Hiki hakijafika huko. Kipo mkoa wa Isfahan, juu ya mji wa Kashan, kwenye miteremko ya milima ya Karkas, na wenyewe huzungumza Kifarsi. Nalisema hilo kwa makusudi, kwa kuwa maeneo yale yana vijiji ambavyo wazee wake bado wana lugha zao za kale, ndugu za Kifarsi lakini zenye njia yake. Abyaneh, kile kijiji mashuhuri cha nyumba nyekundu kilichoko wilaya ya Natanz, ni kimojawapo.

Nilikuwa mwanafunzi Qom, mji ambao Waswahili waliosomea dini wanaufahamu vizuri. Ukienda sokoni huko hukosi kusikia "mambo vipi" ya Mtanzania au Mkenya. Mwenzangu wa darasani, Mwajemi, alinialika kwao kwa sikukuu ya Nowruz, mwaka mpya wa Kiajemi. Kabla ya kwenda masomoni nilikuwa karani wa sensa wilayani Pangani mwaka 2012, na kazi ile iliniachia ugonjwa mmoja: nikiingia mahali popote nahesabu milango.

Kutoka Qom hadi Kashan ni mwendo wa kilomita mia hivi, jangwa likiwa upande wa kushoto muda wote. Kashan yenyewe iko chini ya mita 1,000 kutoka usawa wa bahari. Ukiiacha na kuanza kupanda, baada ya muda mfupi uko kwenye nchi nyingine kabisa. Kule bondeni milozi ilikuwa imeshamaliza kuchanua. Huku juu theluji ilikuwa bado imejificha nyuma ya kuta zisizopata jua. Mimi wa Pangani nilivaa kila nguo niliyokuwa nayo.

Siku iliyofuata nilimuuliza baba wa mwenzangu, ambaye kila mtu alimwita Haj Agha nami nikafuata, kwa nini kijiji kimejengwa pale na si bondeni ambako ardhi ni tambarare. Hakujibu kwa mdomo. Alichukua fimbo yake tukatembea hadi nyuma ya nyumba za mwisho, mahali ambapo maji yalikuwa yanatoka ndani ya ardhi kupitia tundu lililojengewa mawe, maji safi, yanatembea yenyewe bila pampu wala kelele. Ile ndiyo qanat. Juu mlimani kuna kisima cha kwanza, wanakiita mama, kimechimbwa hadi kwenye maji. Kutoka hapo mtaro umechimbwa chini ya ardhi kwa mteremko mdogo sana, na kila baada ya hatua kadhaa kuna shimo la wima la kutolea udongo na kuingiza hewa. Ukitazama kutoka juu ya kilima unaona mashimo hayo yamejipanga mstari mmoja kuelekea kijijini. Mwaka 2016 UNESCO iliandikisha qanat 11 za Iran katika urithi wa dunia, lakini hii ya kina Haj Agha haimo. Ni ndogo, na ni ya kwao.

Pale maji yanapotoka ndipo kijiji kinapoanzia. Kwanza watu wachote ya kunywa, halafu yapite msikitini, halafu bustani za mijozi na mikomamanga na mawaridi, halafu mashamba ya ngano huko chini. Ukiwa na akili ya ramani unaona nyumba zimetupwa hovyo kwenye mteremko. Ukifuata maji unaona kwamba hakuna nyumba iliyokaa mahali ambapo ingeweza kukaa pengine. Na kiasi cha maji ndicho kilichoamua kijiji kiwe kikubwa kiasi gani. Hakikuwa kijiji kidogo kwa kukosa bahati. Kilikuwa kijiji cha ukubwa wa tundu lile.

Maji yenyewe hayagawiwi kwa ndoo, yanagawiwa kwa muda. Zamani msimamizi wa maji alikuwa na beseni la maji na bakuli la shaba lenye kitobo chini. Bakuli linaelea, linajaa polepole kupitia kitobo, linazama: hiyo ni sehemu moja. Fulani ana sehemu nne, fulani mbili, mjane wa fulani ana nusu. Siku hizi wanatumia saa ya mkononi, ila daftari la sehemu lipo bado, na Haj Agha alikuwa analitunza. Nitalirudia daftari hilo.

Sasa idadi. Nilikuwa nimeshaona jedwali, nikajua nakwenda kwenye kijiji cha watu wasiofika mia. Tulipofika, magari yenye namba za Tehran yalikuwa yamejipanga hadi darajani. Jioni ile katika uwanja wa msikiti nilihesabu watoto peke yao nikapita idadi nzima ya jedwali. Kila paa lilikuwa na moshi. Wanawake walikuwa wakiitana kutoka dari hadi dari, na samawari haikuzimwa. Nilijiambia kwamba makarani wenzangu wa Iran walilala kazini.

Ikaja siku ya kumi na tatu ya mwaka mpya, ambayo Wairani wote hutoka nje ya nyumba zao kwenda kukaa kwenye majani, wakala, wakacheza. Ikiisha hiyo, sikukuu imeisha, shule na ofisi zinafunguliwa. Magari yaliteremka mlima usiku ule ule. Asubuhi nilipita kijiji kizima nikakuta makufuli. Jedwali lilikuwa sahihi.

Nilipowaeleza jinsi tunavyohesabu sisi, walicheka. Sensa ya Tanzania huuliza nani alilala hapa usiku wa kuamkia siku ya sensa. Mvuvi wa Pangani aliye dago, yaani kambi ya wavuvi, anahesabiwa huko huko dago alikolala, hata kama mke, watoto na kaburi la baba yake viko Pangani. Iran huuliza unaishi wapi kwa kawaida. Swali letu linajibiwa na godoro. Swali lao linajibiwa na mtu, na mtu ana moyo, ana watoto, ana mambo yake. Isitoshe, sensa zao za karibuni zimefanyika msimu wa vuli, wakati mavuno yameingia na theluji haijafunga njia, yaani kipindi ambacho nusu ya wazee wanajiandaa kuteremka mjini kwa watoto wao na nusu bado wapo.

Sensa ya 2016 ilinikuta Iran, na ndiyo iliyonionyesha ugumu wa swali lao. Safari hiyo ilianza kwa intaneti: familia ijaze yenyewe, na watakaobaki wafuatwe na karani nyumbani. Mke wa mtoto mkubwa wa Haj Agha, anayeishi Tehran, ni mtu wa ofisi na hapendi foleni. Akajaza usiku mmoja, akawaweka wote: mumewe, watoto, na wakwe zake wawili, kwa sababu kila mwaka baridi ikizidi wazee hukaa kwake. Akapewa namba ya uthibitisho, akaihifadhi. Karani alipopanda mlimani wiki kadhaa baadaye alikaribishwa chai na zabibu, akatoa kifaa chake, akaingiza namba ya kitambulisho ya mzee, ikaonekana kwamba mzee huyu aliyekaa mbele yake juu ya zulia lake, katika nyumba aliyozaliwa, ni mkazi wa Tehran.

Nilisimuliwa na mwenzangu huku akicheka. Haj Agha alikuwepo na hakucheka.

Hasira yake ilikuwa na hesabu ndani yake. Vijijini Iran kuna namba inayotajwa kila mahali: kaya 20. Kijiji chenye kaya 20 kinaweza kuchagua baraza lake, na kwa huduma nyingi, kuanzia gesi hadi mipango ya barabara, kaya 20 ndio mstari wa kuvuka. Kijiji kinachokaribia mstari huo hakimwachii mtu aende Tehran kwa karatasi. Mzee alimwomba karani amwandike, karani akamwambia hawezi kumwandika mtu mara mbili, na alikuwa sahihi. Binti wa watu wa Tehran naye hakudanganya. Miezi mitano ya mwaka mkwewe yuko kwake. Hakuna aliyekosea na kijiji kimepungukiwa na kaya.

Baada ya hapo nilianza kuyasoma majedwali kwa jicho jingine. Abyaneh, ambako watalii hawakatiki, katika sensa ya 2006 ilikuwa na watu 305 katika kaya 160. Gawa mwenyewe. Haifiki watu wawili kwa nyumba. Huhitaji kufika huko kujua kwamba hizo ni nyumba za mzee na mkewe, au mjane na redio. Safu ya kaya husema zaidi ya safu ya watu, na ndiyo ambayo wengi huiruka.

Kitaifa mambo ni hayo hayo. Sensa ya kwanza ya Iran, ya 1956, ilikuta karibu watu saba katika kila kumi wakiishi nje ya miji. Ya 2016 ilikuta asilimia 74 wako mijini, na vijijini wamebaki watu wapatao milioni 20.7. Sababu zinajulikana: mabadiliko ya umiliki wa ardhi ya miaka ya 1960, mafuta na viwanda vilivyovuta vijana, shule za sekondari zilizo mjini, na visima virefu vya mashine huko bondeni vilivyonyonya maji hadi qanat nyingi zikanyong'onyea.

Kuna hesabu nyingine niliyoipenda kuliko ya serikali kuu. Kila eneo la vijiji lina nyumba ya afya, chumba kimoja au viwili, na mhudumu anayeitwa behvarz, ambaye kwa kawaida ni mzaliwa wa hapo hapo aliyepelekwa mafunzo ya miaka miwili. Nyumba ya afya iko kwenye kijiji kikubwa kidogo, na vijiji vinavyoizunguka huitwa miezi yake, kama mwezi wa angani unavyoizunguka dunia. Kijiji chetu kilikuwa mwezi. Ukutani mle ndani kuna karatasi kubwa yenye duara, imegawanywa kwa miezi ya mwaka kama keki, na behvarz anaandika humo kila aliyezaliwa na kila aliyekufa, na pembeni kuna mgawanyo wa watu kwa umri. Wanaiita zij-e hayati. Karatasi kama hiyo ipo katika nyumba za afya nchi nzima, na hesabu ya kaya inafanywa upya kila mwanzo wa mwaka.

Nilisimama mbele ya duara lile muda mrefu, mhudumu akadhani naumwa. Upande wa waliozaliwa kutoka kijiji chetu ulikuwa mweupe. Nilimuuliza mbona idadi yake ni kubwa kuliko ya sensa. Akasema yeye anawahesabu anaowapima presha. Haj Agha na mkewe walikuwemo, bila shaka yoyote.

Wapo pia wakazi ambao mwanzoni sikuwaona kabisa kwa kuwa nilikuwa nimeshughulika na magari ya Tehran. Katika bustani ya chini, kwenye chumba cha mtunza bustani, inaishi familia kutoka Afghanistan. Wanazungumza Kifarsi pia, cha kwao, chenye maneno ambayo mke wa Haj Agha alisema yanamkumbusha bibi yake. Wao ndio wanaofungua maji usiku wa manane zamu ya mwenye sehemu aliyeko Tehran ikifika. Mwezi wa Mei, msimu wa mawaridi, ndio wanaoanza kuchuma kabla jua halijapanda, maana jua likishapiga harufu inapotea. Ifikapo saa mbili asubuhi maua yameshaingia kwenye masufuria ya shaba na marashi yanaanza kutona. (Marashi yale yale tunayonyunyizia watu kwenye harusi na maulidi pwani. Nilituma chupa nyumbani, mama akasema ni kali mno, akayachanganya na maji.) Watoto wa familia ile wanasoma katika shule ya kijiji jirani. Tangu agizo la 2015 lililoruhusu watoto wa Kiafghani kusoma hata wasipokuwa na hati za ukaazi, ni wao na wenzao waliojaza madawati ambayo wajukuu wa kijiji waliyaacha.

Kwa swali la sensa yetu, hao ndio wanakijiji wa kweli kuliko wote, kwa sababu hawajawahi kulala pengine, theluji isiwe theluji. Nilimwambia hivyo Haj Agha. Alikubali kwamba ni watu wema na wachapakazi, akanimiminia chai nyingine. Kwenye daftari lake la maji hawamo, wala hakuonyesha kwamba siku moja watakuwamo. Hapo sikukubaliana naye na bado sikubaliani.

Lakini daftari lenyewe lilinifumbua macho kwa upande mwingine. Majina yaliyomo ni mengi mara kadhaa kuliko idadi ya sensa. Yuko daktari wa Isfahan, dereva wa basi wa Karaj, ndugu wawili walioko Ujerumani wanaomiliki robo ya sehemu moja ambayo haitoshi hata kumwagilia mti mmoja wa jozi, na hawataki kuiuza. Watu hawa hawalali kijijini, hawaishi kijijini, ila kijiji ni chao na hesabu ipo kwa maandishi.

Wakati wa kuonekana kwao wote ni Muharram. Kijiji kina nakhl, jeneza kubwa la mbao lenye umbo la jani, linalofunikwa vitambaa vyeusi na kubebwa mabegani siku ya Ashura kama ishara ya jeneza la Imam Husayn, mjukuu wa Mtume. Ni desturi ya Yazd, Kashan na vijiji vya jangwani na milimani huko. Kitu hicho hakibebwi na wazee wanne na mjane. Kinataka mabega mengi, na mabega yako Tehran. Kwa hiyo kila mwaka, Muharram ikiangukia kiangazi au katikati ya theluji, wanapanda. Mwenzangu aliniambia kuna vijiji jirani ambavyo nakhl imekaa miaka bila kunyanyuliwa. Ipo tu uwanjani inapasuka kwa jua. Huko, alisema, hata kama sensa inaonyesha watu, hesabu imekwisha.

Siku moja nilimweleza Haj Agha kwamba na sisi pwani wapo wanaojiita Washirazi, kwamba bibi yangu alikuwa mmoja wao, na kwamba Makunduchi kule Unguja kuna sherehe ya Mwaka Kogwa inayotokana na Nowruz hiyo hiyo, ingawa yetu huangukia Julai. Alisikiliza kwa makini sana. Akauliza wazee wetu waliondoka lini. Nikamwambia kwa masimulizi ni kama miaka elfu. Akatikisa kichwa kwa huzuni ya kweli. "Miaka elfu, mwanangu? Basi sehemu yenu ya maji imeshaliwa."

Tangu nirudi nyumbani bado tunawasiliana na mwenzangu. Iran iliamua kwamba baada ya ile ya 2016 sensa ziwe zinafanyika kila miaka kumi, kwa hiyo inayofuata ilipangiwa mwaka wao wa 1405, unaoanza Machi 2026. Haj Agha ameshawatangazia wanawe na wakwe zake wote kwamba safari hii namba yake ya kitambulisho hampi mtu. Mke wa mtoto mkubwa amemjibu kwamba anayo kwenye simu.